Mwenye Mfuko Ndiye Mwenye Swali

Unga wa mhogo humiminwa kwenye beseni ukasawazishwa kwa kiganja, na kwa ndani, ubavuni mwa beseni, hupigwa alama pale unga ulipofikia. Kisha hutiwa maji kidogo kidogo huku mkono ukichanganya. Mwanzoni unga hunywea na kushuka chini ya alama; ukiendelea kutia maji, hupanda tena. Ukirudi palepale penye alama, maji yametosha. Hapo hutandazwa juu ya mkeka, tabaka jembamba lisilozidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini, na siku hiyohiyo husongwa ugali. Katika saa hizo sianidi iliyosalia ndani ya unga wa mhogo mchungu hugeuka hewa ikapaa zake.

Njia hii haihitaji mashine wala umeme, wala dawa ya kununua. Aliyeibuni ni Howard Bradbury, mkemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na huku kusini mwa Tanzania ilifika kwa mkono wa Dkt. Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania pamoja na wenzake, baada ya ugonjwa wa konzo kuwapooza miguu watu wetu.

Naanza na beseni hili kwa sababu wanaonipinga wanalipenda sana. Kila ninaposema kwamba fedha za utafiti wa afya unaofanyika kijijini kwetu Mpapura ziingie pia kwenye akaunti za vikundi vya Mpapura, najibiwa kwa beseni. Mlikuwa mnakula sumu, huniambia, mpaka msomi alipokuja kuwaonyesha. Utafiti ni kazi ya wenye taaluma yake, na fedha za utafiti zina wenyewe. Ninyi mtashirikishwa.

Nimelisikia neno hilo kwa wahadhiri, kwa maofisa wa halmashauri, na, linaloniuma zaidi, kwa wanakijiji wenzangu. Lichunguzeni jinsi lilivyoundwa. Anayeshiriki anatenda. Wanaoshirikiana wanatendeana. Anayeshirikishwa hutendwa: kuna mtu mwingine mwenye shughuli yake, naye ameamua kumwingiza, kwa kiasi atakacho na kwa muda atakao. Siupingi utafiti. Napinga kitenzi hicho, na bajeti inayojengwa juu yake.

Tulirudie beseni lao, kwa sababu kisa cha konzo hawakisimulii chote.

Mwaka 1988, wilayani Masasi, watu waliugua kwa kula mhogo: kizunguzungu, kutapika, kuishiwa nguvu. Mlingi, akiwa na mwenzake Poulter na daktari wa Kiswidi Hans Rosling, alichunguza na kuandika matokeo mwaka 1992. Rosling alikuwa ameshaujua ubaya wa mhogo mchungu ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Msumbiji, maana alikuwa daktari kule Nacala, mkoani Nampula, ambako mwaka 1981 ukame ulileta mlipuko wa ugonjwa wa kupooza miguu uliowapata watu zaidi ya 1,000. Wenyeji waliuita mantakassa. Huku Masasi kilichoonekana ni hiki. Desturi yetu ni makopa: mhogo unamenywa, unaanikwa mzima kwa wiki kadhaa, unakauka taratibu, na sumu inapungua. Njaa ilipobana, akina mama walikimbilia chinyanya: mhogo mbichi unatwangwa, unaanikwa, unatwangwa tena, unaanikwa tena, na baada ya siku moja au mbili ni unga. Unga huo ulibaki na sianidi nyingi.

Mwanamke aliyetwanga chinyanya hakuwa mjinga. Alijua kwamba mhogo mchungu unataka muda. Bibi yake alijua, na ndiyo maana makopa yalikuwepo. Alichokosa ni huo muda, kwa sababu watoto walikuwa na njaa leo. Mwulize mama huyo ni utafiti gani unaomfaa, hatakuuliza unga una miligramu ngapi za sianidi. Atakuuliza: nifanye nini kati ya leo na siku ambayo makopa yatakauka?

Swali hilo lilikuwepo uani tangu 1988. Njia ya kulowesha unga, ambayo ndiyo jibu lake hasa, ilikuja katikati ya miaka ya 2000. Kati ya hapo na hapo, katika misimu ya 2001–2002 na 2002–2003, konzo iliwapata watu zaidi ya 200 kusini mwa Tanzania, wengi wao mkoani Mtwara, na wengi wakiwa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Jina la ugonjwa huu limetoka kwa Wayaka wa Kongo, kwa maana ya miguu iliyofungwa. Mtoto analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na kuanzia hapo anatembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, maisha yake yote. Haiponi.

Sidai kwamba kikundi cha akina mama wa Masasi kingegundua kemia ya linamarini, kiini cha sianidi ya mhogo. Kisingegundua, na yeyote anayesema wanakijiji hawahitaji maabara anawadanganya. Ninachodai ni kwamba swali la haraka ya njaa lilikuwa la akina mama, na hawakuwa na mfuko wa kulilipia. Waliokuwa na mfuko waliuliza kwanza swali la kipimo. Lilikuwa swali zuri, limetusaidia, nami namheshimu Mlingi kuliko wengi wanaolitaja jina lake. Lakini mwenye mfuko ndiye mwenye swali, na anayesubiri swali lake lipate mfadhili anaweza kusubiri hadi mtoto ashindwe kusimama. Hata njia yenyewe, imefaulu pale ilipokuwa mikononi mwa wanawake. Katika kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka nchini Kongo, akina mama walifundishwa kuanzia 2010, wakalowesha unga wao kila siku, na katika muda wa mradi hakukupatikana mgonjwa mpya.

Sasa tuangalie utafiti unavyofika kijijini, maana hapo ndipo maneno ya ushirikishwaji yanapokutana na karatasi. Andiko la mradi huandikwa Dar es Salaam, London, Basel au Uppsala. Mfadhili akilipitisha, linakwenda kwenye kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Kinafuata kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inateremka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, inapita kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, inafika kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji, kisha mwenyekiti. Mihuri yote hiyo ina sababu yake, nami sitaki hata mmoja uondolewe. Lakini barua inapofika kijijini swali limeshafungwa, dodoso limeshachapwa, bajeti imeshasainiwa, na kilichobaki kwetu ni kukubali au kukataa. Hiyo ndiyo idhini. Kuamua ni kitu kingine.

Nilikuwepo kwenye mkutano mmoja wa namna hiyo chini ya mwembe. Vijana wa utafiti walijieleza vizuri, kwa adabu, kisha wakauliza kama kuna swali. Alisimama bibi mmoja, akasema: "Mwanangu, mwaka ule mliwatoa wajukuu zangu damu. Majibu yake nayangoja bado." Kijana alimjibu kwa upole: "Bibi, ule ulikuwa mradi mwingine." Alisema kweli. Ulikuwa mradi mwingine, wa chuo kingine, wenye mfadhili mwingine. Bibi akakaa chini, kwa sababu jibu hilo halina pa kulishika. Kwake hakuna mradi huu na mradi ule. Kuna gari linalokuja na gari linaloondoka. Kumbukumbu inayoweza kuunganisha magari yote hayo iko hapa kijijini, lakini hakuna bajeti hata moja iliyowahi kuigharamia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulifundishwa. Wageni wamekuja wengi.

Wanaonipinga hutanguliza siku zote hoja ya hesabu: kijiji hakiwezi kutunza fedha za mfadhili. Wanaoisema wanaisahau nchi wanayoishi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa chombo chenye nafsi kisheria: inamiliki mali, inaingia mikataba, inashtaki na kushtakiwa. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na humo mapato na matumizi husomwa kwa sauti. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 serikali inapeleka fedha za uendeshaji moja kwa moja kwenye akaunti za benki za zahanati na vituo vya afya, na kamati zenye wajumbe kutoka kwa wananchi ndizo zinazopanga na kusimamia. Ikiwa zahanati ya kijiji inaaminiwa fedha za Hazina, kwa nini isiaminiwe fedha za chuo kikuu?

Halafu hapa ni Mtwara. Mkulima wa korosho amefanya kazi na mfumo wa stakabadhi ghalani tangu 2007. Anajua kusoma bei ya mnada, anajua makato ya AMCOS, yaani chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala, na anajua shilingi ngapi kwa kilo zilipaswa kumfikia na hazikumfikia. Akina mama wa vikoba wanakaa kila wiki mbele ya sanduku lenye kufuli 3, funguo kwa watu 3 tofauti, na kila hisa inahesabiwa hadharani kabla ya kuandikwa. Wahasibu wangapi wa miradi wanahesabu fedha mbele ya wenye fedha?

Najua wizi upo. Nimemwona kwa macho yangu mweka hazina wa kikundi akiondoka usiku na akiba ya mwaka mzima, na katika kikundi hicho mlikuwa na fedha za mama yangu mzazi. Lakini hakuna aliyesema siku ile kwamba wanawake wasiweke tena akiba. Kufuli ziliongezwa. Taasisi kubwa nazo hupotelewa na fedha, na dawa yake huwa mkaguzi; hakuna anayependekeza vyuo vikuu vifungwe.

Tena wakulima wa kusini wameshawahi kuwa wafadhili wa sayansi, jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kituo cha utafiti cha Naliendele, hapa hapa Mtwara, kimefanya kazi kubwa ya korosho kwa sehemu kutokana na ushuru unaotozwa korosho ghafi inayouzwa nje. Ushuru huo ni jasho letu. Mwaka 2018, sehemu yake iliyokuwa ikirudi kwenye zao ilipoelekezwa yote Hazina, wabunge wa kusini walipaza sauti bungeni, na vijijini kila mtu alijua ni fedha gani zinazozungumzwa. Mtu anayeambiwa hajui utafiti unahitaji nini amekuwa akiulipia kwa kila gunia.

Hoja yao ya pili ina uzito zaidi, na sitaipita mbio. Wanasema sayansi inataka umbali: kikundi kikishika fedha kitataka majibu yanayokipendeza, na posho ikiwa nono watu watakubali kutolewa damu kwa ajili ya posho. Hofu hii ni ya kweli. Lakini mbona inawaandama wanakijiji peke yao? Makampuni ya dawa hugharamia majaribio ya dawa zao wenyewe, na sayansi imejiwekea uzio: mpango wa uchambuzi unasajiliwa kabla ya jaribio, takwimu zinachambuliwa na mtu asiye na faida, matokeo mabaya nayo yanachapishwa. Uzio huohuo unatosha Mpapura. Kikundi kishike swali na sehemu ya fedha. Maabara ishike darubini. Kuhusu kununua watu, Gates Foundation huviruhusu vyuo vikuu kukata hadi asilimia 10 ya ruzuku kwa ajili ya gharama za uendeshaji: jengo, umeme, mhasibu, kiyoyozi. Hakuna anayeita hiyo rushwa. Lakini ukiomba asilimia kama hiyo kwa kikundi ambacho kimewatafuta akina mama, kimewabembeleza, kimewafuata mashambani, na kitakachobaki kujibu maswali gari likishaondoka, unaambiwa unaharibu utafiti. Sisi tunapewa mche wa sabuni.

Na kujitolea. Kuanzia 2010, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na London School of Hygiene and Tropical Medicine waliendesha jaribio kubwa katika kata 132 za wilaya 6 za Lindi na Mtwara, Mtwara Vijijini ikiwemo. Wanawake zaidi ya 800 wa vijijini, wa kujitolea, walikwenda nyumba kwa nyumba katika takriban nusu ya kata hizo kuwashauri wajawazito na waliojifungua namna ya kumtunza mtoto mchanga. Matokeo yalichapishwa 2015: akina mama walibadilisha baadhi ya mazoea ya malezi, lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua. Watafiti hawakuficha, na hiyo ni heshima yao.

Mimi nawafikiria wale wanawake 800. Kwa miezi na miezi walikaa kwenye mikeka ya wajawazito wa nusu ya eneo hili. Waliona aliyechelewa kwenda kituoni na kwa nini, nani alikosa nauli, nani alifika akakuta mlango umefungwa, nani alijifungulia njiani. Hakuna daktari wala profesa aliyekuwa na maarifa hayo kwa upana ule. Kama sehemu ya fedha ingekuwa yao, na pamoja nayo haki ya kusema baada ya miezi 6 kwamba swali linapaswa kuhamia kutoka nyumbani kwenda kwenye chumba cha kujifungulia, jaribio lingekuwa jingine. Muundo wa jaribio haukuruhusu, watasema. Ndicho ninachokipigania: muundo unaoruhusu, uliokubaliwa na mwenye kijiji kabla mfadhili hajasaini.

Tazameni kilichotokea Majengo, Nairobi. Tangu miaka ya 1980 wanawake wa mtaa ule waliokuwa wakifanya biashara ya ngono walitoa damu na muda wao kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, na baadhi yao walionekana kutoambukizwa VVU licha ya miaka mingi ya hatari. Kutokana na miili yao ilizaliwa fikra ya chanjo iliyofanyiwa kazi na Oxford pamoja na Nairobi. Mwaka 2000 ukazuka ugomvi mkubwa kuhusu hataza, kwa kuwa Wakenya waliachwa nje ya maombi yake. Ugomvi ulikuwa wa haki. Lakini angalieni nani aligombana na nani: wasomi kwa wasomi. Wanawake wa Majengo hawakuwa mezani, kwa sababu walikuwa washiriki, na mshiriki hana hati ya kuweka mezani. Wasan wa Afrika Kusini walijifunza kutokana na mambo kama haya. Mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, na anayetaka kuwachunguza anaanza kwao. Ni watu wachache na maskini kuliko sisi.

Wenzangu wa kijijini wanaosema tuwaachie wasomi, nawaelewa. Wamechoka na vikao. Wanaogopa kwamba tukidai sana gari halitakuja, na kweli huenda moja lisije. Lakini niwaulize jambo moja kuhusu salfa.

Kila mwaka, kuanzia Mei hadi Agosti, mikorosho ikichipua na kutoa maua, tunapuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Mashine inafungwa mgongoni, inavuma, na vumbi la njano linapanda juu ya miti na kutua kila mahali: kwenye majani, mapaa, ndoo za maji, nguo zilizoanikwa. Anayepuliza amejifunga kitambaa puani, naye ana bahati. Mtoto amebebwa mgongoni na mama anayeokota majani mita 20 kutoka hapo. Wiki hizo macho yanawasha na watu wanakohoa. Nini salfa inafanya kwenye udongo wa mikorosho, hilo lina wataalamu wake Naliendele, na limeulizwa kwa sababu mti ni fedha. Nini inafanya kifuani mwa mtoto wa miaka 3, sijaona gari lililokuja Mpapura kuuliza. Malaria ina wafadhili. VVU vina wafadhili. Kikohozi cha Julai ni chetu.

Tungekuwa na sehemu yetu ya mfuko, hilo lingekuwa swali la kwanza. Tungemtafuta mtaalamu wa mapafu, tungemwambia tunataka kupima nini na lini, naye angetueleza tunapokosea, maana tungekosea mengi. Mkataba ungesainiwa na halmashauri ya kijiji. Majibu yangesomwa kwenye mkutano mkuu kwa Kiswahili kabla hayajachapishwa kwa Kiingereza, na bibi yule angekuwa na mtu wa kumdai.

Hatukungoja. Kikundi chetu kimetoa fedha kwenye sanduku, kimenunua daftari moja la kaunta na kalamu mbili. Msimu huu mama mmoja katika kila kitongoji anaandika: tarehe, nani amepuliza na upande gani, upepo ulitoka wapi, watoto wangapi wamekohoa usiku, wangapi wamepelekwa zahanati. Mwandiko si mzuri, na kuna siku zilizorukwa kwa sababu ya msiba. Mtakwimu atalicheka daftari hili, au atatusaidia kulirekebisha. Lina kurasa 192, na jana jioni tulikuwa tumefika ya 31.